Wanaonisalimia kwa Jina Lako

Kulwa, pacha wangu,

Nakuandikia hadharani, na najua ungecheka, maana mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa. Lakini watu bado wananisalimia kwa jina lako. Juzi hapa Mkuyuni mama mmoja aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, akaja amenyoosha mikono yote miwili, akanilaumu kwamba nimemsahau. Nilitaka kumwambia. Kigugumizi kikanikaba kama kawaida yake, nikampa mkono, akaenda zake anafurahi kwamba amekuona. Sina nguvu ya kumweleza kila mmoja. Nimeona niandike, asome wa kusoma, na aliyesoma amwambie mwenzake. Ila nakuandikia wewe na si wao, kwa sababu yaliyotokea tangu uondoke ni yako kwanza.

Unakumbuka shuleni Kisesa, mwalimu alipokuwa anaita majina asubuhi. Langu lilikuwa linatangulia. Nilisimama nikaanza, ni, ni, ni, na darasa likaangua kicheko kabla sijafika mwisho wa neno lenyewe. Wewe kutoka dawati la nyuma ukaitika kwa sauti yetu, "Nipo," mwalimu akaweka alama bila kuinua macho. Likaja jina lako, ukaitika tena. Tangu siku hiyo uliitika mara mbili kila asubuhi mpaka tukamaliza la saba. Sikuwahi kukushukuru. Nilidhani ndivyo mapacha wanavyoishi, mmoja anabeba maneno na mwingine anabeba kimya.

Ndiyo maana tulipotengeneza programu yetu ukaiita Nipo, na hakuna mtu mwingine aliyehitaji kujua sababu. Wateja waliona ni jina zuri tu. Fundi akifika kazini anabonyeza "Nipo" kwenye simu, akiondoka anabonyeza "Nimetoka," na bosi wake anaona saa alizofanya, kazi imefika wapi, nani amepewa nini na nani amekwama. Mimi nilikaa nikiiandika kwenye kile chumba chetu cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mabati yakigongana chini yetu kutwa nzima. Wewe ukachukua begi ukaenda kuwatafuta watu: makandarasi, washonaji, wenye karakana za kuchomelea, mashirika madogo ya huko visiwani. Ulikuwa unarudi na vumbi kwenye nyusi na habari za kutosha wiki nzima.

Maneno yote yaliyomo ndani yake ni yako. Ulikataa katakata tuweke Kiingereza. Tulibishana mchana kutwa juu ya ile siku ambayo kazi inatakiwa iwe imekwisha. Mimi nilikuwa nimeandika "siku ya mwisho." Ukaniambia hakuna mwashi wa Bunda atakayeisoma siku ya mwisho kwenye simu yake bila kumkumbuka mchungaji, tukaandika "siku ya kukabidhi." Mpaka leo wateja wanaisifia.

Kisha akaja Kabula, kupokea simu na kuandaa ankara. Sijui mlianza lini, lakini tulikuwa na meza tatu katika chumba kimoja na mimi si kipofu. Mlikuwa mnaandikiana ndani ya Nipo, mnaacha ujumbe chini ya kazi za wateja, kana kwamba mimi niliyeitengeneza siwezi kuona. Siku moja nikaona kazi mpya kwenye orodha: "Kwenda Sengerema kujitambulisha kwa baba. Mhusika: Kulwa." Ukavuka ziwa Jumamosi na shati la kuazima kwangu. Jumatatu ulikaa mezani, ukabonyeza "Imekamilika" bila kusema neno, na Kabula akainamia ankara zake mabega yakitikisika kwa kicheko. Kwenye harusi yenu nilisimama kando yako, na padri kabla hajaanza alikushika bega akauliza kama amemshika mwenyewe. Kanisa zima likacheka. Kabula hakucheka. Alisema yeye anakujua hata gizani.

Siku ile yenyewe wewe huijui yote, ulituacha kabla haijaisha. Ulikuwa unatoka Musoma kwa Mzee Magesa, yule mkandarasi wa madarasa na zahanati aliyekuwa mteja wetu wa kwanza, aliyekuwa anakuita mwanangu. Uliteremka kwenye basi pale stendi ya Buzuruga, ukatembea kidogo na begi lako la kompyuta, ukakaa chini karibu na meza ya mwuza vocha. Watu walidhani unapumzika. Walipoona hupumziki wakakupakia kwenye bajaji, wakachukua simu yako wakampigia wa mwisho uliyeongea naye. Simu ya Kabula ililia mezani, nami nilikuwa namtazama alipoipokea.

Tulifika hospitali pamoja. Muuguzi alikuwa anatoka chumbani, anafunga mlango nyuma yake. Aliponiona alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango, akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ametoka kuufunika uso huu huu sasa hivi. Kabula alimtazama yeye, akanitazama mimi, akajua. Daktari alikuja baadaye na maelezo yake ya mshipa uliopasuka kichwani, lakini sisi habari ya kifo chako, Kulwa, tulikuwa tumeshaipata kwenye uso wangu.

Tulikuzika nyumbani, upande ule wa kuelekea Bujora, nyuma ya mihogo ya mama. Shangazi alitaka nifanyiwe dawa za mapacha, ili usije ukaniita. Mama akakataa, akasema sisi ni watu wa kanisa. Wakabishana kwa Kisukuma mbele yangu kana kwamba sipo. Asubuhi ya siku ya kukuzika mama mwenyewe alikuja na beseni la maji yenye majani, sikuuliza majani gani, akaninawisha uso kwa viganja vyake, polepole, kama alivyokuwa anatunawisha kabla ya shule. Alipomaliza alimwaga maji upande wa machweo na hakulizungumzia tena. Mpaka leo nikienda kumsalimia, akinifungulia mlango huwa anatazama nyuma yangu kwanza.

Nilidhani kazi itatusaidia. Kabula alirudi ofisini mapema kuliko tulivyotarajia, akasema nyumbani kuna kimya kibaya zaidi. Lakini siku ya pili nilikuta amegeuza meza yake, anatazama dirishani, amenipa mgongo. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nikafuga ndevu. Nikaacha kuvaa mashati ya mistari kwa sababu tulikuwa tunayanunua pamoja. Niligundua pia kwamba nikipanda ngazi anakakamaa, maana hatua zangu ni zako, tunaruka ile ngazi iliyovunjika kwa mtindo mmoja. Basi nikawa nakohoa nikiwa chini, ili ajue ni mimi.

Alikuwa ameacha kuongea na mimi kwa mdomo. Tulikuwa tunaandikiana ndani ya Nipo, tumekaa chumba kimoja, mteja huyu amepiga, ankara ile imeenda, printa haina wino. Mtu angeingia angesikia mabati ya dukani na vidole vyetu tu. Baada ya muda nikaona ameandika chini ya kazi fulani ya mteja wa Geita, sehemu isiyohusika kabisa: "Shemeji, usikohoe kwenye ngazi. Yeye pia alikuwa anakohoa."

Sikujua nifanye nini na mwili wangu baada ya hapo.

Simu nazo. Wateja walizoea kukusikia, na sauti ni hii hii. Nikipokea nikasema haloo wanakuchangamkia, na mimi nikianza kukwama upande wa pili unanyamaza, halafu mtu anauliza kwa woga kama ninaumwa. Wengine walikata. Nadhani walihisi kuna kitu hakiko sawa, sauti ya mtu wanayemjua inapotoka imevunjikavunjika. Hata mimi mwenyewe nilianza kukwepa kioo. Nilinyoa nywele kwa kupapasa. Jioni jua likishuka upande wa ziwa kioo cha dirisha la ofisi kilikuwa kinatuonyesha chumba chote, Kabula ameketi na nyuma yake umekaa wewe, umeinama kwenye kompyuta. Niliwahi kuinua mkono ili nione kama utauinua. Uliuinua.

Na kulikuwa na Jumatatu. Unajua tulivyoitengeneza: mtu asipojaza saa zake za wiki, asubuhi ya Jumatatu programu inamwarifu kiongozi wake. Ulilisisitiza wewe hilo, kwa ajili ya wasimamizi wasahaulifu. Basi kila Jumatatu ujumbe ulikuwa unaingia kwangu na kwa Kabula kwa pamoja: "Kulwa hajajaza saa zake za wiki iliyopita. Tafadhali mkumbushe." Simu zetu mbili zililia kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyegeuka. Baadaye Kabula akanifungulia kazi mpya: "Kuondoa jina la Kulwa. Mhusika: Doto." Akaweka siku ya kukabidhi. Siku ilipofika nikaisogeza mbele. Ikafika tena, nikaisogeza tena. Ningeweza kuimaliza kwa kidole kimoja, Kulwa. Lakini mimi sikuwahi kuitika peke yangu maishani, sasa niwe mimi wa kusema hupo?

Mzee Magesa alikuja asubuhi moja ya mvua nyepesi. Alikuwa amelazwa Dar es Salaam muda mrefu, kifua, na watoto wake walimficha habari yako wakiogopa asije akazidiwa. Alipopona kidogo akasema anakwenda Mwanza mwenyewe, hapigi simu, anataka kukuona. Alikuwa amepata kazi ya kujenga zahanati kadhaa kando ya ziwa na alitaka wasimamizi wake wote watumie Nipo. Ile kazi tuliihitaji sana. Wateja walikuwa wameanza kupungua mmoja mmoja, na wenye chumba walishaanza kuuliza kama tutaendelea.

Nilimsikia akipanda ngazi na fimbo yake, nikaenda mlangoni kumpokea. Mimi hakuwahi kuniona. Alijua una pacha aitwaye Doto, kama kila anayelisikia jina lako anavyojua, lakini hakujua kwamba tumefanana kiasi hiki. Aliegemeza fimbo ukutani, akanikumbatia. Alinukia dawa ya kuchua. Akasema, "Kulwa mwanangu, umekonda. Na ndevu hizi umezitoa wapi?"

Nikaanza shikamoo, ikanasa. Nikajaribu tena, ikanasa. Akaniachia, akanishika mabega akanitazama mdomo, na nikaona hofu inamwingia, akauliza nimepatwa na nini, kama nimepooza. Nilikuwa natafuta neno moja tu, amefariki. Lilikaa kooni kama mwiba wa sato. Yule mzee alianza kunipapasa shavu, anasema pole, pole mwanangu, mbona hawakuniambia.

Kiti cha Kabula kikaburuzwa. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, karibu, bega lake likagusa mkono wangu.

"Shikamoo baba," alisema. "Kulwa amefariki. Huyu ni Doto, pacha wake."

Mzee Magesa hakuitikia salamu. Alinitazama muda mrefu, kisha akakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa chako, akavua kofia akaiweka magotini. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, akayaacha. Alipopewa maji akanywa, halafu akaomba aelezwe yote, tangu mwanzo, kwa sababu alikuona asubuhi ile kabla ya mtu yeyote wa hapa.

Nilijua mimi siwezi. Kabula akavuta kiti akaketi karibu naye na kuanza kueleza, na mimi nikasimama dirishani nikisikiliza, kwa sababu tangu tukuzike sikuwahi kumsikia akilitaja jambo lile. Alieleza stendi, bajaji, muuguzi. Kisha akaanza upya kutoka nyuma zaidi.

"Alinipigia akiwa Magu," alisema. "Alisema kichwa kinamuuma mpaka anaona giza. Akaniuliza ashuke pale akapime, au aje tu. Nikamwambia aje, amebakiza kidogo, nitampeleka mwenyewe."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Alikuwa anatazama kofia ya yule mzee, si sisi.

"Na kila asubuhi naingia hapa namkuta amekaa ananitazama."

Nikamwuliza, nani, mimi? Nadhani nilisema mimi tu, neno fupi, likatoka.

"Wewe. Yeye. Sijui tena," alisema.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa, Kulwa. Nilikuwa nimefuga ndevu, nimebadili mashati, nimejifunza kupanda ngazi kama mwizi, nikidhani uso wangu unamkumbusha mapenzi yake. Kumbe kila akiuona anaona unamdai jibu. Nilitaka kumwambia kwamba haudai. Nilitaka kumwambia pia kwamba sijui kama Magu wangekuokoa, maana nilimuuliza daktari swali kama hilo mwenyewe na hakunipa jibu la kushika. Yote mawili yakanasa. Mzee Magesa ndiye aliyemshika mkono. Alisema asubuhi ile alikuona umejishika kichwa mezani kwake, akakuongezea chai, akaendelea kukueleza habari za nondo.

Kabla hajaondoka alisema mkataba wa zahanati ni wetu, ila ana sharti moja: mimi mwenyewe niende Musoma kuwafundisha wasimamizi wake. Nikamwonyesha mdomo wangu. Akachukua fimbo yake, akasema, "Watu wangu hawana haraka."

Wiki hiyo Kabula aligeuza meza. Hakuigeuza kunielekea, aliiweka ubavu, lakini nilimshukuru kimoyomoyo. Tukafungua pamoja ile kazi ya jina lako, kwenye kompyuta moja. Ulitupa hali nne tu za mfanyakazi: yupo, ametoka, yuko likizo, ameacha kazi. Nilipopeleka kidole kwenye ile ya mwisho akanizuia mkono. Akasema hukuacha kazi. Ndipo nikaandika hali ya tano, na nikamwachia yeye achague neno, maana maneno hayakuwahi kuwa kazi yangu. Alifikiria ametangulia, akafikiria amelala. Mwishowe akasema tuandike amefariki, kwa sababu watu wanapaswa kuelewa wanachosoma. Jumatatu iliyofuata simu zetu hazikulia. Nilikaa nimeishika yangu asubuhi nzima. Siku hizo hizo mwenye karakana ya ushonaji alipiga simu kuuliza hali hiyo mpya inawekwaje. Mshonaji wake mmoja alikuwa yuko likizo kwenye Nipo tangu mwaka jana, na walikuwa hawana mahali pengine pa kumweka.

Nikaenda Musoma. Sitakudanganya kwamba nilifanya vizuri. Nilisimama mbele ya wasimamizi wa Mzee Magesa kwenye chumba cha darasa ambacho hakijapigwa lipu, nikachukua muda mrefu kusema jina langu. Wengine walikuwa wanakujua wewe. Niliona wanavyotazamana, na mmoja alifanya ishara ya msalaba chini ya meza akidhani simwoni. Lakini walisubiri. Nilikwama, walisubiri, nikaendelea. Mchana walikuwa wanabonyeza wenyewe. Yule wa msalaba ndiye aliyeniuliza maswali mengi kuliko wote.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni safari ya kurudi. Basi lilisimama Magu, wauzaji wakaja madirishani na mahindi na maji, na mama mmoja mwenye sinia la karanga na matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo ulikuwa unaniletea kila safari, alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu. Alikuwa anatabasamu.

"Kulwa, afadhali nimekuona," alisema. "Kile kichwa kiliishia wapi?"

Nilihisi baridi mpaka kwenye ufizi. Alikuwa amekuweka moyoni muda wote huo. Dereva akaanza kupiga honi. Nilichukua begi nikashuka, basi likaniacha pale kando ya barabara na yule mama na sinia lake.

Nikamwambia. Ilichukua muda, na alinisubiri, sinia limeegemea kiunoni. "Mama, mimi ni Doto. Ku-Kulwa a-amefariki. Siku ile ile." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo litoke kinywani mwangu. Alilitua sinia chini, akakaa juu ya jiwe, akajifunika uso kwa kitenge. Tulikaa hivyo, watu wanapita. Alipojifunua alisema alikuwa anakufahamu kwa safari zako nyingi, ulikuwa unamtania kwamba matobolwa yake yanauzwa mpaka Mwanza bila yeye kupata faida. Siku ile ulinunua maji tu. Alikuona umefumba macho, akakuambia ushuke, zahanati iko pale nyuma ya mti, akakuahidi kukupeleka mwenyewe.

"Akakataa," alisema. "Alisema, 'Hapana mama, nimeshaamua, nataka kufika kwa mke wangu.' Nikamsihi, akacheka tu. Ndipo akatoa simu akaanza kupiga, na basi likaondoka."

Nilimrudisha pale pale mara mbili, tatu. Kwanza ulikataa, ndipo ukatoa simu. Alikuwa na uhakika. Alikumbuka kwa sababu alibaki amekasirika, akasema moyoni wanaume ni wabishi.

Sikumpigia Kabula njiani. Hayo si ya simu, na simu mimi siiwezi. Nilipanda basi lingine, nikashuka Buzuruga, nikapita pale karibu na meza ya vocha bila kusimama, nikaenda moja kwa moja ofisini nikimwomba Mungu awe bado hajatoka. Alikuwepo, anafunga mafaili. Nikavuta kiti chako nikakaa mbele yake na kumweleza yote, nikikwama kila mahali, na hakunisaidia neno hata moja. Aliniacha niyafikie mwenyewe.

Nilipomaliza alisukuma mafaili kando. Kisha akaniambia nirudie pale pa simu.

Nikarudia.

"Alikataa kabla ya kunipigia?"

"Ka-kabla."

"Na alisema kwa mke wangu, au alisema nyumbani?"

Nikamwambia ulisema kwa mke wangu.

Akainua uso akanitazama. Tangu hospitali hakuwahi kunitazama hivyo, machoni, bila kukimbia. Nilikaa nimetulia kama mtu anayepigwa picha. Alipita kwa macho kwenye paji la uso, kwenye nyusi, kwenye lile kovu dogo la kidevuni lisiloota ndevu, ambalo wewe hukuwa nalo, akakaa hapo kwenye kovu, akarudi machoni. Sijui alikuwa anamtazama nani, Kulwa. Sikumuuliza, na nilikuwa tayari kuwa yeyote anayemhitaji kwa muda huo. Chini mabati yalikuwa yanapakiwa kwenye gari, wapakiaji wanaitana. Alitazama mpaka akatosheka. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi.

"Doto," akasema, "umekula?"

Hayo ndiyo yaliyotokea. Bado nakuona kwenye kioo cha dirisha jioni, na bado huwa nainua mkono. Atakayenisimamisha njiani na kuniita wewe, nitamwambia ukweli, na kama ana haraka atanisamehe, maana itachukua muda. Upumzike huko uliko, usinisubiri mlangoni, nitakuja kwa wakati wangu.

Ndugu yako wa tumbo moja na siku moja,

Doto